Hewa Ikizibiwa Huenda Wapi? Fundi Kalisti na Pikipiki za Tabo

Saa nne asubuhi, na jua la Kahama limeshaanza kuchoma mabati. Nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, mzee mmoja amepiga goti moja kwenye vumbi. Ameshika kipande cha mpira wa maji, ncha moja ameibana sikioni, nyingine ameielekeza kwenye ubavu wa pikipiki nyekundu. Mkono wake wa kushoto uko juu, kiganja wazi. Mwanamume aliyekaa kwenye pikipiki haondoi macho kwenye mkono huo.

Mkono unashuka. Pikipiki inanguruma, mlio unapanda mpaka mabati yanatetemeka, kisha mafuta yanakatwa ghafla. Kabla injini haijarudi kwenye mlio wake wa kawaida, inasikika pumzi moja fupi, pshh, kama mtu anayetua ndoo ya maji kichwani.

"Umeisikia?" anauliza mzee.

"Nimeisikia, Baba Limi. Moja tu."

"Mimi nimesikia moja na nusu. Springi bado ngumu kidogo. Zima, tufungue."

Mzee huyo ni Kalisti Mageni, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, fundi wa pikipiki na mashine za kusaga. Aliyekaa kwenye pikipiki ni Ngassa, mfanyabiashara wa mchele kutoka Segese. Bega la kushoto la Ngassa limekaa chini kidogo kuliko la kulia, na yeyote anayewafahamu wawili hawa anajua kwamba bega hilo lina uhusiano na fundi anayelitazama kila siku bila kukwepesha macho.

Wanachokifanya asubuhi hii kimetokana na swali ambalo limemnyima Kalisti raha kwa miaka miwili: je, pikipiki ya mashindano iliyofungwa tabo inahitaji valvu ya kupumulia, au haihitaji?

Kwa asiyejua, tabo ni kifaa cha ukubwa wa ngumi mbili. Ndani yake mna feni mbili zilizofungwa kwenye ekseli moja. Ya kwanza inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Ya pili, kwa kuwa iko kwenye ekseli hiyohiyo, inazunguka nayo na kusukuma hewa kwa nguvu iingie ndani ya injini. Injini ikipata hewa nyingi na petroli ya kutosha, inatoa nguvu ambayo haikuzaliwa nayo.

"Hapa mjini watu waliposikia mara ya kwanza wakadhani nasema taabu," anacheka Kalisti. "Mtu anauliza, pikipiki iliyokuja kwa fundi ina nini? Anaambiwa, ina taabu. Basi, pole yake! Na kweli, taabu ilikuwemo."

Taabu yenyewe inaanza pale mwendeshaji anapokata mafuta ghafla, kwa mfano anapoingia kwenye kona. Injini inaacha kupokea, lakini feni bado inazunguka kwa kasi isiyohesabika. Hewa iliyokwisha kushindiliwa inakwenda wapi?

Swali la hewa si geni kwa Kalisti. Mwaka 1957, akiwa kijana kutoka Bukombe aliyeishia darasa la nne la shule ya misheni, aliajiriwa kwenye mgodi wa dhahabu Geita. Wenzake waliteremshwa chini kutoboa mwamba. Yeye aliwekwa juu, kwenye nyumba ya kompresa, mashine kubwa iliyokuwa ikisukuma hewa kwenda kwenye drili za chini. Mshahara wake wa kwanza ulikuwa shilingi sabini kwa mwezi, na kazi yake ilikuwa kutazama mshale.

"Mshale ukipita alama nyekundu, nilitakiwa kupiga kengele. Ni hivyo tu. Lakini mtu utatazama mshale kwa saa nane usijiulize unasukumwa na nini?"

Akaanza kushika paipu kwa kiganja. Baada ya miezi michache aliweza kujua, bila kutazama mshale, kama chini zinafanya kazi drili nne au saba. Zamu ilipokwisha na drili zote zikafungwa kwa wakati mmoja, paipu ilitetemeka mkononi mwake kama ng'ombe anayefukuza nzi, kisha valvu ya usalama ilipiga mluzi uliosikika mpaka kwenye nyumba za wafanyakazi.

"Wanawake walikuwa wanautumia ule mluzi kujua wakati wa kusonga ugali," anasema. "Mimi niliutumia kujifunza. Nikaelewa kwamba hewa ukiifungia mbele, hairidhiki. Inarudi ilikotoka, na inarudi na hasira."

Mgodi ulifungwa mwaka 1966. Kalisti alirudi na spana tatu na uwezo wa kusikiliza mashine. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, akatengeneza mashine za kusaga mahindi vijijini, na mwaka 1971 akahamia Kahama na mkewe, Bernadina, ambaye mjini wote wanamwita Mama Limi kwa jina la binti yao wa kwanza. Katika miaka ya karibuni, spea zilipoadimika na plagi moja ikawa inatafutwa kutoka Kahama mpaka Mwanza, mafundi wengi waliacha. Kalisti alichonga.

"Kama kifaa hakipo, kitengenezwe," anasema. "Kama hakitengenezeki, basi tuulize kama kweli kinahitajika. Watu wengi wanaruka hilo swali la pili."

Ni swali hilo la pili lililompa sifa, mnamo Juni 1985.

Herman, msafirishaji wa tumbaku wa Ushetu, alifika siku moja na pikipiki ya silinda nne ndani ya lori. Ilikuwa mali ya mhandisi wa kigeni aliyekuwa kwenye mradi wa barabara. Muda wake ulipokwisha akaiuza badala ya kuisafirisha. Mhandisi huyo alikuwa amefunga tabo mwenyewe, kwa kujifurahisha. Herman naye alitaka kushindana siku ya Sabasaba, mjini Shinyanga, ambako vijana wa mkoa walikuwa wamepewa ruhusa ya kukimbiza pikipiki kwenye kiwanja cha zamani cha ndege, mita mia nane, moja kwa moja.

Herman alikuwa na ukurasa uliochanwa kwenye gazeti la pikipiki la ng'ambo. Akautandaza juu ya kreti.

"Fundi, nataka hii." Kidole chake kilikuwa juu ya kikopo kidogo kinachong'aa, kimefungwa kwenye paipu ya pikipiki ya mashindano. "Inaitwa valvu ya kupumulia. Ukikata mafuta, inafunguka, inatoa ile hewa ya ziada nje. Wote wanaoshindana kwa tabo wanayo. Mwanza kuna fundi amesema atanitengenezea kwa wiki moja, ila nimeona nianze kwako."

"Wote wanayo?"

"Wote."

"Na zote zimejengwa kama hii yako?"

Herman akainama kuutazama tena ukurasa. Kalisti akaomba siku mbili.

Anakumbuka kwamba siku ya kwanza hakushika spana hata moja. Aliifuata njia ya hewa kwa kidole, kuanzia chujio mpaka kwenye injini, na akakuta jambo ambalo lilimfanya acheke peke yake. Kabureta, yaani kile kifaa kinachochanganya hewa na petroli na ambacho ndani yake mna kilango kinachofunguka mwendeshaji anapovuta mafuta, haikuwa baada ya tabo. Ilikuwa kabla yake. Hewa ilipita kwenye kabureta kwanza, ikachanganyika na petroli, ndipo tabo ikaivuta na kuishindilia.

Siku ya pili alimwita Herman. Alilegeza kidogo mpira unaotoka kwenye tabo, akashikilia hapo kitambaa cheupe, akamwambia Herman apige resi. Kitambaa kilitoka kimelowa. Kalisti akakipeleka hatua kumi mbali na pikipiki, akakiweka juu ya jiwe, akawasha kiberiti. Moto uliruka hadi kiunoni.

"Hicho ndicho valvu yako ingetoa," akamwambia. "Si hewa. Ni petroli iliyochanganywa tayari kwa kulipuka. Hapa nimetumia kiberiti. Siku ya mbio bomba lako la moshi litakuwa limeiva jekundu, na liko shubiri moja kutoka mahali unapotaka valvu, chini ya paja lako."

Herman alikitazama kitambaa mpaka kikawa majivu.

"Sasa hewa itakwenda wapi nikikata mafuta?"

"Haitakwenda popote, kwa sababu haitaingia. Kilango chako kiko mlangoni. Ukikifunga, tabo inakosa cha kuvuta. Inazunguka na njaa tu. Haizibwi pumzi."

Herman alikimbia bila valvu. Aliwashinda wenzake kumi na mmoja kwa urefu wa pikipiki tatu, na watu wa Kahama waliokwenda kwa lori walirudi wakiimba jina la fundi. Yule fundi wa Mwanza, kwa habari zilizofika baadaye, alitikisa kichwa tu akasema ameshukuru hakupewa ile kazi.

Hapo ndipo palipoingia kosa. Kalisti analieleza bila kuulizwa mara mbili, mikono yake ikiwa juu ya magoti.

"Watu walianza kuja hata wasio na pikipiki. Wanasimama pale, wanasema, huyu ndiye aliyewashinda Wazungu na magazeti yao. Nami nikaanza kuwajibu. Nikawa nasema, valvu ni pambo. Nikasema hivyo sokoni, nikasema nje ya kanisa. Mtu akiniuliza kwa nini, namwonyesha Herman. Sikumbuki kama kuna siku nilisema habari ya kabureta kukaa kabla au baada. Ilikuwa ndefu kuisema. 'Valvu ni pambo' ilikuwa fupi."

Ngassa alikuwa miongoni mwa walioisikia. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini, na alikuwa ameshuhudia mbio za Shinyanga akiwa amekalia gunia. Mwaka uliofuata alisafiri hadi Nairobi na kurudi na pikipiki yake ya tabo, aliyoinunua kwa mtu aliyeacha mashindano. Ilikuwa imepita mikononi mwa mafundi kadhaa, na kila mmoja alikuwa ameongeza au kuondoa alichotaka. Julai 1986 aliipeleka kwa Kalisti, kwa sababu mwishoni mwa Agosti kungekuwa na mbio nyingine, safari hii za kuzunguka mapipa.

"Shikamoo, fundi," alisema siku hiyo. "Hii ina valvu?"

"Marahaba. Haina."

"Tufunge?"

"Ya nini? Valvu ni pambo."

Kwenye paipu kati ya tabo na injini palikuwa na kishina kifupi cha chuma, kimezibwa kwa bolti. Mtu fulani aliwahi kufunga kitu pale, na mtu mwingine alikiondoa. Kalisti alikiona. Alikishika hata, akaifuta vumbi ile bolti kwa kidole gumba.

"Mimi niliyekuwa nikishika paipu ya mgodi ili nijue kilichoko chini," anasema polepole. "Siku hiyo nilishika kishina kile nikajiambia si kitu. Sikufuata njia ya hewa. Niliisafisha pikipiki, nikabadilisha plagi, nikamrudishia Ngassa."

Wiki mbili Ngassa alifanya mazoezi kwenye majaruba ya mpunga yaliyokauka baada ya mavuno, kuzunguka mapipa sita. Kila alipokata mafuta, pikipiki ilitoa mlio wa ajabu, prrr-prrr-prrr, kama kwale anayekurupuka majanini. Vijana waliupenda, wakawa wanauiga. Kalisti alipoulizwa alisema ni tabo inacheka.

Jumapili ya tarehe kumi na saba Agosti, Ngassa alifanya mazoezi asubuhi ili awahi kurudi nyumbani kabla ya saa nane, maana kuanzia saa hiyo kila Jumapili magari na pikipiki za watu binafsi haziruhusiwi barabarani, ili kubana mafuta. Alikuwa kwenye mzunguko wa tisa. Kwenye pipa la nne alikata mafuta, kwale akalia kwa nguvu kuliko siku zote, kisha kikasikika kishindo. Mpira unaounganisha tabo na injini ulikuwa umechomoka. Ngassa hakujua. Alivuta mafuta ili atoke kwenye kona, injini ikakosa pumzi katikati ya mgeuko, gurudumu la nyuma likasita kisha likaponyoka. Aliangukia bega, pikipiki ikamburuta hadi kwenye tuta la jaruba.

Mfupa wa mtulinga ulivunjika mahali pawili. Mbavu mbili zilipata ufa. Walioshuhudia wanasema angeangukia mita tano mbele, kwenye pipa, wangekuwa wanasimulia msiba.

Habari zilimfikia Kalisti akitoka misa ya pili. Hakwenda hospitali. Alikwenda majarubani, peke yake, akaiokota pikipiki, akaisukuma kilomita mbili hadi karakana. Mama Limi alimkuta ameketi mbele ya pikipiki hiyo, kofia bado ameishika mkononi.

"Mgonjwa umemwona?" mkewe alimuuliza.

"Bado. Nikienda nitamwambia nini? Sijui kilichomwangusha."

"Utamwambia hujui. Nenda."

Alikwenda jioni ile. Ngassa alikuwa amefungwa bandeji kuanzia shingoni, uso umechubuka upande mmoja. Bado alimsalimia kwanza.

"Shikamoo, Baba Limi."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Pole." Kalisti hakukaa kwenye kiti alichoonyeshwa. "Nimekuja kusema kwamba ni mimi niliyekuangusha. Uliniuliza, nikakujibu kabla sijatazama. Kwa nini mpira umechomoka, sijui. Nitajua, nami nitakuja kukwambia."

Ngassa anasema alikuwa na hasira, na maumivu yalimzidishia. "Nilitaka kumwambia atoke. Lakini mzee alisimama pale kama mtoto aliyevunja chungu. Nikamwambia, haya, ukijua uje. Sikudhani atakuja."

Kwa siku nne karakana ilifungwa. Majirani walisema fundi ameona aibu. Kweli aibu ilikuwepo, lakini pia alikuwa ndani, nyumbani, na pampu ya baiskeli.

Alichokuwa akikifanya kilimshangaza mkewe. Alikuwa akisukuma pampu huku ameziba tundu lake, anaacha, anasukuma tena. Mwisho alimwomba Mama Limi amsaidie kuziba, maana mikono miwili haikutosha.

"Niliweka kidole," anasimulia Mama Limi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kicheko hata anaposema mambo mazito. "Akasukuma, mpini ukamrudi tumboni. Akasukuma tena, ukamrudi. Nikachoka. Nikamuuliza, mbona unaniambia nizibe mbele tu? Ya Herman ilizibwa mbele au nyuma?"

Kalisti akaacha mpini.

Aligeuza pampu. Safari hii aliziba pale inapovutia hewa. Mpini ulikuwa mgumu kuvuta, lakini haukumrudi. Hakukuwa na kitu ndani cha kumrudia.

"Wabeja, Mama Limi," alisema, akimshukuru kwa Kisukuma, akatoka mbio bila viatu.

Karakanani alifanya kile ambacho angetakiwa kukifanya Julai. Alifuata njia ya hewa kwa kidole. Chujio, kisha tabo, kisha paipu, kisha kile kishina chenye bolti, na baada ya hapo ndipo kabureta. Kwenye pikipiki ya Ngassa kilango kilikuwa mwisho wa njia. Kila alipokata mafuta, alikuwa akiziba mbele. Hewa ilikuwa imeshashindiliwa, haikuwa na pa kwenda, ikarudi kuigonga feni iliyoisukuma. Ule mlio wa kwale ulikuwa feni ikipigwa makofi na hewa yake yenyewe. Na pale kwenye kishina, mtu aliyejenga pikipiki ile alikuwa ameweka mlango wa dharura, na baadaye asiyejua akauondoa na kuziba kwa bolti.

Alipoifungua tabo yenyewe, alikuta ekseli inacheza kama jino bovu.

Siku hiyohiyo alirudi hospitali, akiwa na pampu ya baiskeli chini ya kwapa. Wagonjwa wengine walisogea kutazama. Alimfanya Ngassa azibe kwa kidole cha mkono mzima, kwanza mbele, kisha nyuma, na Ngassa akaelewa kabla hajaelezwa.

"Kwa hiyo valvu si pambo," Ngassa alisema.

"Kwa Herman ingekuwa moto. Kwako kukosekana kwake kumekuvunja mfupa. Mimi nilijua nusu, nikaitangaza kama nzima."

Ngassa alipoanza kupona, ndugu zake walimshauri aipeleke pikipiki Mwanza. Alikataa. Anapoulizwa sababu, anajibu akitabasamu, "Huyu mzee ndiye mtu pekee anayejua kwa nini nilianguka. Nimpelekee nani mwingine?"

Kutengeneza valvu kulichukua wiki saba. Ya kwanza ilitumia springi na gololi, ikawa inavuja hata wakati wa kuvuta mafuta, na pikipiki ikakosa nguvu. Ya pili ilikwama. Kalisti akagundua kwamba valvu haitakiwi kusukumwa tu na hewa, inatakiwa ijue mwendeshaji amekata mafuta. Kilango cha kabureta kikifungwa, injini huwa inavuta kwa nguvu na kukosa, kama mtu anayenyonya chupa tupu. Alitoboa tundu dogo baada ya kilango, akafunga mpira mwembamba, na kuupeleka kwenye kiwambo cha mpira alichokitoa kwenye pampu ya mafuta ya lori bovu. Injini ikinyonya, kiwambo kinavutwa, kiwambo kinavuta valvu, mlango unafunguka. Mwendeshaji akivuta mafuta tena, mlango unajifunga.

Kwale akanyamaza. Badala yake ikaja ile pumzi moja fupi.

Mtu mwingine angeishia hapo na kurudi sokoni akitangaza kwamba kila pikipiki ya tabo lazima iwe na valvu. Kalisti alikuwa ameshaungua na maneno mafupi. Alimwomba Herman saa yake ya mkononi yenye mshale wa sekunde, na Oktoba ile, kwa petroli waliyoikusanya nusu lita nusu lita, walifanya majaribio.

Kwanza kwenye njia iliyonyooka, mara tano na valvu na mara tano imezibwa. Ngassa hakuwa na sababu ya kukata mafuta mpaka mwisho wa njia, na saa haikuonyesha tofauti yoyote ya maana. Kisha kuzunguka mapipa sita, taratibu, huku mpira umefungwa klipu mbili. Bila valvu, mzunguko ulichukua sekunde sitini na moja. Na valvu, hamsini na nane, kwa sababu feni haikuwa ikipigwa makofi na kusimamishwa kila kona, hivyo ilikuwa tayari nguvu zilipohitajika.

"Nikapata majibu mawili, halafu nikapata la tatu," anaeleza, akihesabu kwa vidole vyenye grisi. "La kwanza, tazama kilango kiko wapi. Kikiwa kabla ya tabo, usiweke valvu ya kutoa nje, utajichoma. La pili, kikiwa baada ya tabo, tazama njia utakayokimbia. Ya kunyooka, unaweza kuishi bila valvu. Yenye kona, weka. Na la tatu ni mkono. Kuna mwendeshaji anakata mafuta kama anazima taa, na kuna anayekata kama anamfunika mtoto shuka. Wa kwanza anaihitaji valvu kuliko wa pili."

"Mimi ni wa kuzima taa," Ngassa anakiri.

Sabasaba ya mwaka huu wa 1987, Ngassa alikimbia Shinyanga kuzunguka mapipa akiwa na valvu iliyotengenezwa Kahama. Alimaliza wa pili. Aliyemshinda alikuwa na pikipiki isiyo na tabo kabisa, jambo lililomfanya Kalisti acheke mpaka akakaa chini, na jioni ile akamfuata mshindi kumuuliza jinsi anavyoingia kwenye kona.

Majibu yote ameyaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wa herufi kubwa. Lakini kuna moja lililomshinda. Tundu la valvu linatakiwa liwe na ukubwa gani kwa injini ya ukubwa fulani? La kwake lilipatikana kwa kujaribu na kuharibu, na vyuma vya kuharibu vimekwisha. Februari mwaka huu aliandika barua ya kurasa tisa kwa chuo kimoja cha ufundi Dar es Salaam, akachora humo hata pampu ya baiskeli.

Miezi minne ilipita. Mama Limi alikuwa ameshamwambia asahau. Juni jibu likaja, limepigwa chapa. Mwalimu wa somo la injini aliandika kwamba swali lile wamelijadili walimu watatu na hawakukubaliana, na kwamba wangefurahi kama Bwana Mageni angeweza kufika, akakaa nao wiki moja kwenye karakana yao yenye vipimo, na akazungumza na wanafunzi wa mwaka wa pili. Nauli ya treni ya kwenda na kurudi watalipa wao.

Kalisti ambaye hakuwahi kuingia darasa la tano ataondoka Isaka wiki ya pili ya Septemba. Ngassa amejitolea kumpeleka stesheni. Shati limeshashonwa. Valvu tatu, zikiwemo zile mbili zilizoshindwa, zimefungwa kwenye gunia dogo la kitani.

Asubuhi hii, springi ikiwa imelegezwa na pikipiki imezimwa kwa mara ya mwisho, Mama Limi amewaletea uji. Anamtazama mumewe akipuliza kikombe.

"Wale ni watoto waliosoma sekondari," anamwambia. "Wana vitabu. Wewe utasimama mbele yao uwaambie nini?"

Kalisti anakunywa funda moja kabla ya kujibu. Anamgeukia Ngassa, ambaye ameshika kikombe kwa mkono wa kulia na kuulegeza wa kushoto mapajani.

"Nitaanza na bolti," anasema. "Nitawaambia niliiona, nikaishika, na sikuuliza ilikuwa inaziba nini. Wakiniruhusu kuendelea baada ya hapo, ndipo nitawaambia habari ya valvu."

Ngassa anatikisa kichwa kukubali. "Waambie na jina langu," anasema. "Wakitaka kuliona bega, waje Segese."